Daftari Lisilo na Damu: Jibu kwa Mganga Mfawidhi wa Kando ya Ziwa

SWALI: "Shikamoo Mama. Mimi ni daktari, nina miaka 29. Miezi tisa iliyopita niliteuliwa kuwa mganga mfawidhi wa kituo cha afya huku Buchosa, karibu kabisa na ziwa. Tunazalisha akina mama kama 60 kwa mwezi. Mwezi wangu wa pili tulimpoteza mama mmoja kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Nilichukua hatua: nilimwandikia muuguzi wa zamu barua ya kujieleza, nikapeleka watumishi wawili semina Mwanza, nikabandika miongozo ukutani leba. Kwa miezi minne sasa daftari halina tukio hata moja. Lakini wiki iliyopita mama tuliyempa rufaa alifika kule akiwa hoi, na kwenye daftari letu aliandikwa 'hali nzuri'. Wauguzi wangu wengi ni wa umri wa mama yangu. Kwenye kikao wananyamaza. Nifanyeje niwe kiongozi wanayemsikiliza? Au nikasome kwanza uzamili wa uongozi wa afya?"

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa yule mama wa mwezi wa pili, na pole kwa usiku ulizokosa usingizi, maana najua zipo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale: "daftari halina tukio hata moja". Hebu tupige hesabu. Akina mama 60 kwa mwezi, miezi minne, ni 240. Kwa makadirio ya kawaida, kati ya kila akina mama 100 wanaojifungua, watano hadi kumi hupoteza nusu lita ya damu au zaidi. Kwa hiyo hapo kituoni kwako ilipaswa waonekane kati ya 12 na 24. Ninyi mna sifuri. Maji ya ziwa letu ni matamu, lakini hayazuii damu. Ama damu haipimwi, ama inapimwa kwa macho na haiandikwi. Mimi nadhani yote mawili, na hilo la pili limetokana na barua uliyoandika.

Usikasirike. Nakuambia kwa sababu mimi nimefanya baya kuliko lako. Nilipokuwa muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi, kwenye hospitali moja ya kanda hii, mkunga mmoja binti alinijia saa moja asubuhi akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba usiku alichelewa kumwekea mama dripu kwa kuwa alikuwa peke yake na wazazi watatu. Nilimkaripia mbele ya wenzake wakati wa ripoti. Nilijiona nimesimamia nidhamu. Mwaka mzima uliofuata sikuletewa tatizo lolote la usiku, nami nikajisifu kwa wakubwa wangu kwamba wodi imetulia. Yule binti ndiye aliyenifumbua macho, siku anaaga kuhamia kwingine: "Sista, huku tunaandika unachopenda kusoma." Nililia nyumbani, sikulia pale.

Ndiyo maana kabla ya lolote lingine nakuomba urudi kwenye ile barua. Kama muuguzi yule alikuwa amelewa, au aliomba hela, au alimtukana mama na kumwacha, hiyo ni nidhamu na ina njia zake, zifuate. Lakini kama alikuwa zamu peke yake, dawa iko chini ya kufuli na taa imezimika, basi umemwandikia mtu barua kwa kosa la jengo. Muulize Mganga Mkuu wa Halmashauri na watu wa utumishi utaratibu wa kuifuta ukoje. Halafu, na hapa ndipo pagumu, useme umeifuta kwenye ripoti ya asubuhi, wote wakiwepo, kwa sentensi mbili tu. Wenzake walijua ameandikiwa, basi na wajue imefutwa. Ukimnong'oneza ofisini umejisafisha wewe peke yako.

Sasa tuje kwenye damu.

Mama wa huku anakuja kujifungua na kanga zake na vitenge vyake, na damu inaishia humo. Mkunga akiangalia anasema "kiasi". Fanya jaribio hili siku moja mchana, gharama yake ni rozela tu: chemsha rozela, pima nusu lita kamili, mwaga kwenye kitenge kikukuu na pamba mbili tatu, halafu waite wote, kuanzia mhudumu wa usafi hadi wewe, kila mtu aandike kwenye kikaratasi anadhani ni kiasi gani. Usiseme nani kaandika nini. Wengi watakisia chini, na utakuta wewe daktari umekosea kama wenzako. Nimefanya zoezi hilo mara nyingi, na hakuna mhadhara niliowahi kutoa uliowahi kunyamazisha chumba namna ile. Halafu wanaanza kucheka, halafu mmoja anasema: "Kumbe yule mama wa juzi..." Hapo ndipo kikao chako kinapoanza. Kaa kimya usikilize.

Kuna utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2023, unaitwa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu, kwa akina mama zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Napenda kuuelezea kwa viongozi vijana kwa sababu hakuna dawa mpya ndani yake. Kukanda mji wa mimba, oksitosini ya kuukaza mji huo, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu igande, dripu, kukagua njia ya uzazi, kuita msaada: yote hayo mkunga wako anayajua tangu chuoni. Vilivyobadilika ni viwili. Chini ya mama kuliwekwa shuka la plastiki lenye mfuko wenye mistari ya vipimo, damu ikaonekana kwa mililita. Na damu ikifika kiwango, vitu vyote vinatolewa kwa pamoja kama kitita, badala ya kujaribu kimoja, kungoja, kisha kingine. Kwenye hospitali zilizobaki na utaratibu wa zamani, waliokuwa wakitokwa damu nyingi walitambuliwa 51 tu kati ya 100. Kwenye zile zilizotumia shuka walitambuliwa 93. Na madhara makubwa, yaani kupoteza zaidi ya lita moja, kufanyiwa upasuaji kwa ajili ya damu au kufa kwa damu, yalikuwa 4.3 kwa kila akina mama 100 kwenye utaratibu wa zamani na 1.6 kwenye hospitali za shuka na kitita.

Nusu walikuwa hawatambuliwi kabisa! Na hizo ni hospitali, si kituo cha kando ya ziwa chenye mkunga mmoja usiku. Sasa unaona ile sifuri yako ni nini.

Kama mashuka yale huyapati mwezi huu, usiseme basi. Pima uzito. Gramu moja ya damu ni karibu sawa na mililita moja. Weka mizani ndogo leba, ifunike nailoni, pima pedi na vitambaa vikiwa vikavu uandike, kisha vipime vikiwa vimeloa na utoe ule uzito wa kwanza. Si kipimo cha maabara, lakini kinashinda "kiasi". Fedha za mizani usizisubiri kutoka mbali: tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na una kamati ya usimamizi yenye wajumbe wa kijijini. Wapeleke leba wakaone. Mjumbe ambaye binti yake amejifungulia hapo hahitaji maelezo marefu ili akubali mizani iingie kwenye mpango.

Usianze na kituo kizima, hata hivyo. Hili viongozi wengi wapya wanaliharibu: wanatangaza Jumatatu, na Ijumaa limekufa. Anza na mkunga mmoja aliyekubali, zamu moja, mama mmoja. Atakuambia nailoni inateleza, mizani iko mbali na kitanda, kalamu haipo. Rekebisha hayo, jaribu tena kesho. Wiki ya pili ongeza mkunga mwingine, na huyo wa kwanza ndiye amfundishe, si wewe.

Kisha nenda usiku. Waambie mapema, usiwavizie kama mkaguzi. Saa nane usiku muuguzi mmoja alale kitandani awe mama, ile rozela iwe damu, na wewe ushike saa tu. Mkunga aseme kwa sauti: "Anatokwa damu." Hesabu dakika mpaka kitita chote kiwe mkononi. Nilifanya hivyo kwenye kituo kimoja, si mbali na kwako, miaka kadhaa iliyopita. Ilichukua dakika 22. Dakika 14 kati ya hizo zilikuwa za ufunguo. Oksitosini inatakiwa ikae kwenye ubaridi, nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo ilikuwa kwenye friji ya chumba cha dawa, chumba kilifungwa saa tisa na nusu alasiri, na ufunguo ulikuwa nyumbani kwa mtunza dawa, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Wote walijua. Nilipouliza kwa nini hakuna aliyesema, mkunga mmoja wa makamo akanijibu kwa upole kabisa: "Mayu, tulisema. Ilikuwa zamani."

Nataka ukae na jibu hilo. Wewe unadhani wananyamaza kwa sababu wewe ni kijana. Inawezekana, kidogo. Lakini mkunga mwenye miaka 20 kazini ameshapitisha wafawidhi watano au sita, kila mmoja na bango lake. Alisema kwa wa kwanza, akasema kwa wa pili. Utaratibu wa kupanga mahali pa kazi uliotoka Japani, uliokuja nchini mwaka 2007 ukianzia hospitali ya rufaa Mbeya, ameuimba: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ni mzuri, mimi ni shabiki wake. Lakini nimeona makabati yenye lebo za kupendeza kila rafu, na ufunguo uko ng'ambo ya uwanja wa mpira. Watu wa namna hiyo hawafunguki kwa hotuba. Wanafunguka siku kitu walichokisema Jumanne kimefanyika Alhamisi. Kimoja tu. Tengeneza ufunguo wa pili, au sogeza friji ndogo leba, ubandike jina la aliyesema. Utashangaa kikao kijacho.

Kuhusu umri: waamkie. Najua ni mambo ya nyumbani, lakini nimeona madaktari vijana wakidhani cheo kimefuta shikamoo. Hakijafuta. Mwamkie asubuhi, na saa nne mbishie kuhusu patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, isiyojazwa, yote mawili yanakaa pamoja vizuri tu. Na ukitaka kumrekebisha, si mbele ya mgonjwa wala mbele ya mwanafunzi aliyekuja kwa mazoezi. Wale wanafunzi, tukiwa hapo, ndio wanajifunza udaktari wenyewe kwa kukuangalia. Wewe ulisoma miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo, na nadhani hakuna siku uliyofundishwa kuendesha ripoti ya asubuhi. Ulijifunza kwa kuwaona wakubwa wako, pamoja na kelele zao. Sisi tuliokutangulia tunahusika na hilo, na kwa upande wangu naomba radhi.

Jambo la karibu na hilo. Ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi nane, na moja ilikuwa Ifakara, hapahapa Tanzania. Matokeo yalitoka mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mojawapo ya vipengele ni kwamba kabla ya kukata, kila aliyemo thieta anataja jina lake na kazi yake. Watu huliona dogo hilo. Mimi naona mtu aliyekwisha kusikika sauti yake chumbani mara moja hashindwi kusema mara ya pili: "Daktari, subiri, pamba haijatimia." Kwenye zoezi lako la usiku anzeni hivyo hivyo, na anayeshika taa naye ajitaje.

Semina. Sizipondi, posho zake nimezila. Lakini ulipeleka wawili Mwanza, wakarudi na mkoba na cheti, na leba ikabaki ilivyokuwa, na hilo limechunguzwa hapa hapa nchini. Kule Haydom, Manyara, wakunga walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua. Miezi kadhaa baadaye wakapimwa: kwenye mwanasesere walikuwa wamepanda vizuri, kwa watoto wenyewe leba hakuna kilichobadilika. Wakabadili mtindo. Mwanasesere akawekwa leba, kila wiki dakika tatu hadi tano za mazoezi palepale kazini, na mara moja kwa mwezi kama dakika 40. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kwa hiyo wale wawili wako bado ni mtaji, usiwaache walale na cheti. Dakika tano wakati wa kukabidhiana zamu, leo kukanda mji wa mimba, kesho mpangilio wa kitita, na kila siku afundishe mtu tofauti. Ukikuta zamu imezidiwa, ruka, usilazimishe.

Nini upime? Vifo usivifanye kipimo chako cha mwezi. Kwa uzazi 60, vifo ni vichache mno, na mwezi usio na kifo haukuambii kama mmeboreka au mmebahatika. Pima kazi yenyewe. Chukua karatasi ya manila, ibandike leba, si ofisini kwako. Kila wiki andika pointi moja: kati ya waliojifungua, wangapi damu yao ilipimwa na kuandikwa. Na kwa kila aliyepita nusu lita, dakika ngapi mpaka kitita kikakamilika. Chora mstari wa katikati, nusu ya pointi ziwe juu yake na nusu chini. Wiki moja ikishuka usiitishe kikao, wiki moja ikipanda usinunue soda. Pointi sita mfululizo zikikaa upande mmoja wa mstari, hapo kuna kitu kimebadilika kweli, kaeni mkiulize ni nini. Mabango yako ya miongozo yaache, lakini sogeza manila ikae mbele yake.

Na ujiandae: wiki za kwanza daftari litaonekana baya. Matukio yatatoka sifuri hadi matatu, manne kwa mwezi, maana sasa yanaonekana. Mwambie Mganga Mkuu wako mapema, kabla hajaiona kwenye MTUHA, yaani taarifa za kituo zinazopelekwa juu, akakupigia simu ya ukali. Mweleze ile hesabu ya 12 hadi 24. Akikuelewa, umewalinda watu wako wote kwa mazungumzo ya robo saa, na hiyo ndiyo kazi ya mfawidhi ambayo mkunga hawezi kuifanya mwenyewe.

Rufaa nitaipitia haraka, kwa kuwa umeigusa. Namba 115 ya m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, iwe ukutani na kwenye simu ya kila mtu, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hatungoji tena kivuko mgonjwa akiwa ndani ya gari. Ni neema kubwa, nimezeeka nikikingoja kivuko kile. Ila mama anayetokwa damu anaokolewa au kupotea kabla hata dereva hajawasha gari. Na karatasi ya rufaa iandikwe mililita, dawa zilizotolewa na saa yake. "Hali nzuri" isiwepo. Baada ya siku mbili piga simu kule uulize alifikaje, kisha uwaletee majibu wakunga wako, mazuri na mabaya. Wengi wanampakia mama kwenye gari na hawasikii tena habari zake maisha yote.

Uzamili? Nenda, lakini si mwaka huu. Ukiondoka sasa, manila itang'olewa na atakayekuja atabandika bango lake. Kaa miezi 18, uende darasani na karatasi zako mwenyewe za ukutani, uwabishie walimu.

Yule muuguzi wa barua, usisahau, ndiye aliyekuwa chumbani usiku ule. Anajua ufunguo ulikuwa wapi. Ukishaifuta barua, mpe siku mbili tatu, kisha mwombe akusimulie usiku ule tangu mwanzo, wewe ukiwa na daftari na bila kumkatiza. Fanyeni leba, si ofisini. Mpelekee na chai.